Mshindi Mwenye Hogo

Jana ukumbini, pilau ikiwa bado haijafunuliwa, afisa utumishi wa ofisi yetu alisimama na karatasi yake akasoma matokeo ya shindano la kutembea. Alianzia mkiani. Mkia ni mimi. Watu wakapiga makofi, yale ya kumpa mtu pole huku meno yote yako nje. Akapanda na majina hadi juu kabisa, akamtaja mshindi, na mshindi akaja mbele kupokea fulana huku akitembelea magongo. Mguu wake wa kulia una hogo kutoka unyayoni hadi gotini, na amekuwa nalo tangu shindano lilipofunguliwa.

Mimi niliyeshinda sokoni Kariakoo nikisaka vitambaa vya kupambia ukumbi huohuo, nikarudi na majora begani jasho likinitiririka hadi kwenye soksi, nimeshindwa kutembea na mtu asiyekanyaga chini.

"Mdogo wangu, mazoezi ni nia," akaniambia, fulana ameikumbatia.

"Hongera, kaka," nikamwitikia. Ningesema nini?

Siri aliitoa mwenyewe mezani, mdomo umejaa nyama, wala haoni haya. Anapiga kayamba kwaya ya kanisani kwao. Kila jioni anakaa kwenye kiti, mguu kaunyoosha juu ya stuli, anatikisa kayamba mpaka mazoezi yaishe. Saa ya kuhesabu hatua, ile tuliyogawiwa washindani, anayo mkononi.

Hapo ndipo hasira zangu zilipogeuka udadisi, maana kitu chenyewe, ukikifungua, ni cha ajabu. Ndani ya saa zile mna akselerometa, kipande cha silikoni chenye milimita chache tu kila upande. Humo ndani umening'inizwa uzani mdogo kwa springi ambazo upana wake hupimwa kwa maikromita. Mkono ukichomoka mbele, uzani unabaki nyuma, kama abiria asiyeshika bomba daladala linapoondoka ghafla. Kubaki huko nyuma kunabadilisha nafasi kati yake na vibao vilivyo pembeni, umeme unaohifadhiwa hapo unabadilika, na namba inatoka. Namba hizo hutoka makumi ya mara kila sekunde. Hata ukiilaza saa mezani bado inasoma mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kwa sababu uvutano wa dunia haulali.

Lakini saa haijui mguu ni nini. Haijawahi kuuona. Programu inachotafuta ni wimbi linalopanda na kushuka kwa mpangilio, kiasi cha mara mbili kwa sekunde, kwa kuwa ndio mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Na pambio la kwaya linakwenda kwa mwendo gani? Huohuo. Kaka yetu alitembea Injili nzima akiwa amekaa.

Sasa mtazame mtu wa Kariakoo. Hatua tatu, unapisha mkokoteni. Hatua mbili, guta linakutaka usogee. Programu nyingi husubiri mawimbi kadhaa yafuatane ndipo ziamini kwamba huyu kweli anatembea. Kariakoo hayafuatani. Zaidi ya hapo, mkono wangu ulikuwa umelishika jora begani, umetulia tuli. Kwa saa yangu, nilikuwa nimelala.

Wanaotaka kujua mtu yuko wapi, na si hatua zake tu, wana shida kubwa zaidi. Fikiria zimamoto ndani ya jengo lenye moshi, ambamo setilaiti hazisaidii kitu. Kompyuta huchukua mchapuko, yaani kasi inavyobadilika, ikatafuta kasi, kisha huchukua kasi ikatafuta umbali, na kosa dogo linazaa njiani. Kifaa kikikosea mchapuko kwa mita 0.01 tu kwa sekunde kila sekunde, baada ya dakika moja kimekusogeza mita 18. Baada ya dakika 10 ni mita 1,800: umekaa ofisini Posta, hesabu inakuona uko Kariakoo. Dawa ni kukifunga kwenye kiatu. Mwaka 2005 Eric Foxlin alichapisha jinsi ya kufanya hivyo, na nilipoelewa nilicheka peke yangu. Kila hatua unayopiga, unyayo unasimama chini kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kompyuta ikiuona umetulia, inajua kasi yake ni sifuri, basi inalishika kosa na kulisahihisha kabla halijakua. Kwa hiyo mtu anaweza kufuatwa kwa sababu ya ule muda mfupi ambao mguu wake hauendi popote.

Sisi tulipewa saa za mkononi. Aliyezibuni alimfikiria mtu anayetembea mikono mitupu, anaipunga, hana alichobeba. Mama anayetoka Feri na beseni la samaki kichwani, mkono mmoja juu ukingoni, hahesabiwi sawasawa. Wala kijana anayesukuma mkokoteni. Na lile lengo la hatua elfu kumi tulilobandikiwa ukutani halikuanzia kwa daktari. Asili yake ni jina la kifaa cha kiunoni kilichouzwa na Yamasa ya Japani mwaka 1965.

Tena pale ofisini anayetembea kutushinda wote ni mama wa usafi, kuanzia alfajiri, ghorofa hadi ghorofa, ndoo mkono huu na dekio mkono ule. Hakupewa saa. Shindano, tuliambiwa, ni la waajiriwa wa kudumu. Jana yeye ndiye aliyeosha sahani za pilau.

Saa yenyewe ilishanitia aibu kabla ya hapo: nilipompiga mende kofi iliniuliza kama nimeanguka. Msibani, nilipomaliza kupeana mikono na wafiwa, ilitetemeka kunipongeza.

Leo asubuhi nimekuta barua mezani. Afisa utumishi ananitaka nihudhurie semina ya madhara ya kukaa kutwa nzima. Ni saa nane, ghorofa ya sita, na lifti ni mbovu.