Namna ya Kupendwa na Dereva wa Pikipiki Kolwezi

Kinshasa mtu hugusa simu na programu ya Yango inamletea gari. Kolwezi mtu hupaza sauti, "Papa moto!", na pikipiki tatu zinageuka kwa pamoja. Utakayoipanda ni moja, na dereva wake atakupenda au atakuchoka kabla hamjafika kona ya kwanza. Ukitaka akupende, fuata hatua hizi zote.

1. Jua hesabu yake kabla ya kupanda.
Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Kila jioni dereva hupeleka versement, yaani malipo ya siku, kwa mwenye chombo, mvua inyeshe, tairi lipasuke, mtoto augue. Hapo bado hujahesabu petroli, kiraka cha quado, yaani fundi wa matairi, na askari wa barabarani, wa roulage, anayetaka kuona karatasi. Kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Kwa hiyo asubuhi dereva humfanyia kazi mwenye pikipiki, na saa za mwisho za siku ndizo zake mwenyewe. Ukimpotezea nusu saa jioni, umeipunguza sufuria ya watoto wake. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hesabu hii.

2. Taja mahali.
Mazungumzo yanayomchosha dereva kuliko yote ni haya:
"Yaya, tunaenda wapi?"
"Hapa tu, karibu."
"Karibu na nini?"
"Twende, nitakuonyesha."
"Hapa tu" ya Kolwezi huweza kuanzia mtaa wa Biashara ikaishia Luilu, na nauli ya Luilu si ya hapa tu. Sema Mutoshi, sema Kapata, kisha ongeza alama: kanisa, shule, duka la dawa. Ukienda Kasulo, hakikisha alama yako bado ipo. Mtaa huo ulianza kuchimbwa mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba. Watu wakafukua viwanja vyao, na mwaka 2017 wakazi wa sehemu yake wakahamishwa na sehemu hiyo ikazungushiwa ukuta. Nyumba uliyoelekezwa na shangazi huenda siku hizi ni shimo.

3. Patana nauli mngali mmesimama.
Bei inayotajwa mwisho wa safari huzaa mahakama ya barabarani, yenye mahakimu wengi na wote ni wapita njia. Patana mapema, ukubali au ukatae, yaishe. Beba noti ndogo za faranga, kwa sababu dereva wa saa moja asubuhi hana chenji. Dola iliyochanika pembeni, hata kidogo tu, iache nyumbani: kwako itakataliwa mara moja, kwake itakataliwa siku nzima. Ukilipa kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, ongeza ada ya kutolea, maana versement hupelekwa kamili.

4. Hesabu abiria, halafu hesabu na mfuko.
Mawe ya shaba na kobalti ni mazito, na mfuko wa madini hauketi vizuri kwenye kiti. Ma-creuseur, yaani wachimbaji wadogo, wanaopeleka mawe kwa wanunuzi wa soko la madini la Musompo wanalijua hili, ila wengine hujaribu kupatana bei ya mtu mmoja kwa watu wawili na mfuko. Springi zikivunjika, fundi atalipwa na dereva. Mzigo wako una nauli yake. Itaje mwenyewe kabla hujaulizwa, uone uso utakavyong'aa.

5. Usimhimize.
Barabara ya kwenda Likasi na Lubumbashi ina malori ya shaba na ya tindikali, na dereva wa lori hamwoni mtu wa pikipiki aliye ubavuni mwake. Kiangazi kuna vumbi linaloficha lori zima. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna matope na madimbwi yasiyoonyesha kina. Kama umechelewa kazini, ulichelewa kitandani, na yeye hawezi kukulipia deni hilo kwa mbio. Vaa helmeti akikupa. Ukihofia nywele zako, funga kitambaa kwanza.

6. Mwulize habari.
Wengi hupenda kazi hii kwa sababu pesa huingia mkononi siku ileile, kwa sababu hawashuki shimoni, na kwa sababu ya watu: mgongoni mwao hupita muuguzi, mwalimu, mama wa soko na mchimbaji aliyeuza vizuri. Wanajua nani amejifungua na barabara gani imefungwa. Uchumi wa mkoa wanausoma kwenye kiti cha nyuma. Februari 2025 serikali iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba mwaka huohuo ikaleta mgawo wa kiasi cha kuuzwa, habari hizo ziliwahusu wao pia, maana mchimbaji asiyelipwa hutembea kwa miguu. Ukimwuliza dereva mji ukoje leo, unamwuliza mtaalamu. Muulize pia kama anaweka akiba ya kununua pikipiki yake mwenyewe. Kwa wengi, hiyo ndiyo ndoto inayowaamsha alfajiri.

7. Ukimwambia akusubiri, lipia kusubiri.
"Dakika tano tu" ndani ya ofisi huwa saa nzima, na nje abiria wengine wamepita na nauli zao. Ama mwache aende umpigie baadaye, ama patana naye bei ya muda wake. Ukimpata mwangalifu, chukua namba yake na uwape majirani. Hakuna sifa anayoipenda zaidi.

8. Usiseme "nitakupa kesho".
Hata kama mnajuana, hata kama anakuita mama au mzee na hawezi kukukatalia. Heshima hiyo isimgharimu. Versement ni ya leo. Nauli nayo iwe ya leo.