Urahisi Uliotuchosha

Mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walitunga lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, ili hata mhasibu asiyejua kuandika programu aweze kuitumia. Ndiyo SQL hiyo. Leo mhasibu yuko na Excel yake, katulia tuli. Anayeikimbia SQL ni fundi wa programu mwenyewe! Mistari mitatu eti migumu, basi anapakua maktaba ya kumrahisishia, nayo inakuja na jamaa zake wote, kama mwalikwa wa harusi aliyebeba ukoo. Anaisomea wiki mbili. Na mwishowe maktaba inamwandikia nini? SQL, tena ndefu kuliko ile aliyoikimbia. Akitaka wateja mia na madeni yao, asipokuwa macho, inabisha hodi kwenye hifadhidata mara mia na moja.

Wateja wenyewe ndio hao mia, jina na namba ya simu. SQLite, hifadhidata tuliyo nayo tangu mwaka 2000, ingewaweka wote ndani ya faili moja, bila seva. Lakini faili moja, jamani, utaiombea bajeti gani?