Heko kwa Njia ya Baiskeli

Wanaonung'unika kwamba njia ya baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro haipitiki hawajui sanaa. Mchoraji wa rangi za maji anayesafiri kwa baiskeli anahitaji nini zaidi ya kusimama? Jiji la Dar es Salaam limemwandalia vituo kwa ukarimu: hapa gari limeegeshwa, pale bodaboda wanasubiri abiria, mbele kidogo meza ya chipsi, kisha shimo lisilo na mfuniko, lenye maji ya kuoshea brashi hata kiangazi.

Akijaaliwa kufika Kivukoni, afungue daftari alichore kanisa la Azania Front na mapaa yake mekundu ya enzi za Wajerumani, ulinzi humjia bure. "Kibali kiko wapi?" Swali la haki kabisa. Simu mia zimelipiga picha kanisa tangu asubuhi, wala nchi haikutikisika. Lakini brashi, ndugu zangu! Tena ya manyoya!

Hayati Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli. Aliona mbali. Katika baiskeli nzima, rangi ndiyo pekee isiyodai njia.