Kijibwa chenye Adabu

Jirani yetu mmoja wa Githurai 45, aliyeletewa kijibwa cheupe kilichokwisha kupevuka, aliazimia, ilhali anakaa ghorofa ya nne na maji ya mfereji huja kwa zamu, kukifunza adabu ya haja; na insafu yataka nimsifu, kwani alikiteremsha kila kiamkapo na kila kilapo, akikitunuku kipande cha nyama papo hapo kilipojisaidia mahali pake, wala hakukipiga kwa kosa lililopita, maana mbwa hatambui adhabu iliyochelewa. Mkojo wa sakafuni aliuosha kwa siki, akaiepuka amonia, ambayo harufu yake humshawishi mnyama arudie pale pale. Kikataadabu.

Taabu ipo huko chini. Kando ya barabara kuu ya Thika, mbele ya ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kukojoa, kijibwa husimama kwa staha kikiwangojea waungwana, baadhi yao wamevaa tai, wamalize shughuli yao. Hao nao wamekwisha kupevuka, ila nyama ya kuwatunuku wote haipatikani. Basi wenye mamlaka na watujengee vyoo vya umma karibu na kituo cha matatu, navyo visifungwe magharibi.