Rimoti Iko kwa Baba Mkwe

Filamu yenyewe inakaribia saa tatu. Kwetu ilikula Jumamosi nzima, na mpaka leo sijui nani alishinda.

Ni ya Wajapani, ya mwaka 1969, na nje ya kwao inajulikana kama Safari 5000. Dereva ni Yujiro Ishihara, kipenzi cha Japani enzi hizo. Yumo Toshiro Mifune, yumo Tatsuya Nakadai, yumo hata Mfaransa Emmanuelle Riva. Kamera zililetwa mpaka huku kwetu kuifuata Safari Rally yenyewe. Sasa, kabla hujaona vumbi la nyumbani unazungushwa kwanza Monte Carlo kwenye theluji, halafu mashindano ya Japani, na katikati wapenzi wananuniana. Mtu anayesubiri Datsun izame topeni ana haja gani na ugomvi wa mapenzi?

Nikavumilia. Afrika ilipofika tu, baba mkwe akanyakua rimoti.

"Simamisha!" anasema, na huku kashasimamisha yeye. Anadai Pasaka ile ya mashindano alikuwa miongoni mwa vijana waliosukuma gari lililonasa, na watu wa kamera walikuwepo palepale. Anasogelea runinga mpaka pua inagusa kioo. "Yule mwenye kofia. Si mimi yule?"

Yule mwenye kofia ni doa la vumbi. Lakini utamwambiaje mzee aliyekupa mke kwamba yeye ni doa?

"Mnafanana, Baba."

Akarudisha nyuma ajione tena. Na tena.

Ishihara alitaka filamu hii itazamwe kwenye skrini kubwa ya sinema, si sebuleni. Ndiyo maana ilikuwa adimu mpaka ikatoka kwenye diski mwaka 2013, naye alishafariki tangu 1987. Nilikuwa nikidhani ni maringo ya msanii. Kumbe alikuwa akitutetea sisi wakwe: sinema hakuna rimoti.

Tena mzee hana kosa sana, na hilo ndilo linaloniudhi. Mwaka 1968 mvua iliyafyeka magari mpaka yakafika saba tu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann akashinda kwa Datsun, na jina lake liko vitabuni, pamoja na la Hans Schüller aliyemsomea ramani. Joginder Singh naye tunamjua, Shekhar Mehta tunamjua. Ila gari likizama mpaka milangoni halitolewi na ramani. Linatolewa na mabega ya watu waliokuwa wakienda zao shambani, ambao malipo yao ni kurushiwa tope usoni likishanasuka.

Basi mzee akapeleka filamu mbele kwa kasi, akaruka mashindano yote, kutafuta majina.

"Nisomee hapo."

"Ni Kijapani, Baba."

"Na ile karo yote iliyolipwa?"

Alipokosa jina lake akageukia fidia. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye tope lile, cha ngozi, kipya, na kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, barua ya kukidai niiandike mimi. Nikamwuliza kilikuwa bei gani, nikidhani nitamkwamisha. Mke wangu alikuwa kashafungua kikokotoo kwenye simu, anamwuliza baba yake riba iwe ya benki au ya chama.