Mtoto Hahitaji Mto

Kuna watu wakisikia Sumbawanga wanawaza uchawi tu. Sisi tunaoishi humu, ukifika mwezi wa saba tunawaza blanketi. Mji uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo unashuka kutoka Milima ya Mbizi bila kubisha hodi, na ni mwezi huo huo Mungu alipoamua kunijalia mtoto.

Mama mkwe kapanda kutoka Mtowisa, bonde la Ziwa Rukwa, kuja kumkanda mzazi. Kashuka garini na kiroba cha mchele, mito miwili ya sufi na blanketi zito lenye picha ya chui. Nikamwamkia. "Baba, mtoto yuko wapi? Baridi gani hii!" Marahaba yangu naidai mpaka leo.

Tatizo ni kwamba nesi wa kliniki alishatuweka chini. Kichanga alale chali, juu ya godoro gumu lisilobonyea, shuka limebanwa pembe zote. Alale chumba kimoja na mama yake ila kitanda chake, angalau miezi sita ya mwanzo. Chandarua ndiyo, kichomekwe vizuri. Mto hapana. Mablanketi mazito hapana. Ukitaka kujua kama anaona baridi, usimshike vidole, mguse kifuani au nyuma ya shingo. Na jiko la mkaa lisilale ndani, maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Haimkoholeshi mtu, inampitiliza na usingizi wake.

Basi nikageuka mtu wa kuondoa. Mama mkwe anaweka, naondoa. Mto umetoka asubuhi, jioni umerudi. Jiko nalipeleka uani, nikigeuka liko mlangoni linanyemelea kama paka. Jirani kaleta dubu wa mtumba mwenye jicho moja, "amlinde mtoto." Shangazi naye kachomeka kisu chini ya godoro, cha kufukuza wabaya. Wenyeji husema jina la mji huu maana yake ni tupa uchawi. Mimi nimetupa na mito.

Vita kuu ilikuwa kulala chali. "Akicheua atapaliwa," kasema mama mkwe. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu, ya chakula iko chini yake, na maziwa hayapandi mlima. Hata kwenye maporomoko ya Kalambo, mama, maji yanashuka. Nikaongeza kwamba Waingereza walianza kulihimiza hilo mwaka 1991, Wamarekani 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua kwa nusu hivi. Akanitazama kwa huruma.

"Yaani Wazungu mpaka mwaka 1991 walikuwa hawajui kulaza mtoto?"

Akaendelea kuchambua mchele.

Kitanda nacho kina kesi yake. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6 hivi. Asiye na futi ya kupimia atumie kopo la soda, lisipite. Nikaenda kwa seremala na kopo langu. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema asante bosi, akafungua, akanywa. Nikamngoja. Alipomaliza nikamwambia kile kilikuwa kipimo. Akalisukuma kati ya fito za kitanda alichokwisha kunitengenezea. Likapita, likaangukia ng'ambo kwenye maranda.

"Bosi, kwani wewe umezaa kopo?"

Fito nne zikaongezwa, kwa gharama yangu. Na soda sikurudishiwa.

Vitu vyote nilivyoviondoa vilihamia sebuleni, ambako na mimi nilihamishiwa, maana bibi ndiye analala na mzazi mpaka arobaini iishe. Mtoto ana kitanda cha vipimo. Mimi nina kochi la watu wawili, mito miwili, dubu mgongoni na chui juu yangu.

Juzi saa tisa usiku nikasikia mlango wa chumbani unalia taratibu, na nyayo zinakuja. Nikajua, mto unafuatwa. Nikafumba macho, nikaubana kwa kiwiko. Mto haukuguswa. Blanketi ndilo lililoanza kuteleza kutoka mabegani, polepole, kama linavutwa na mtu anayeheshimu usingizi wa mkwewe.

"Mama, nesi alisema..."

"Mtoto nimemgusa nyuma ya shingo, ana joto zuri tu." Meno yalikuwa yanamgonga. "Lala, baba. Sisi watu wa bondeni hatujazoea."

Akajizungushia chui wake kuanzia kichwani, akarudi chumbani, akafunga mlango. Nikabaki na dubu, tunatazamana, macho matatu.