Jinsi ya Kumsomesha Mjomba Katuni Bila Kumvunjia Heshima

Kwanza mchague mgonjwa. Anayefaa ni mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, mwenye maoni kuhusu kila jambo, na mwenye kauli moja aliyokwishaikariri: "Katuni ni mambo ya watoto." Usibishane naye. Mtazame tu anavyofungua gazeti. Ataruka tahariri, ataruka hotuba ya waziri, atatua kwenye kibonzo, atacheka peke yake, kisha atarudi ukurasa wa kwanza na kukunja uso kana kwamba ndiko alikoanzia. Huyo ni msomaji wa katuni wa siku nyingi. Hajijui tu.

Kabla ya kumpendekezea chochote, upeleleze ujana wake. Kama alikuwa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970, yamkini alikuwa akimficha Lance Spearman chini ya dawati, yule mpelelezi mwenye kofia na sigara aliyetamba kwenye hadithi za picha za jarida la African Film. Kama alikulia Dar es Salaam, muulize kuhusu Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, au kuhusu Ndumilakuwili na Lodilofa wa jarida la Sani. Kama ni mtu wa Nairobi, mtajie Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, uone kama mdomo hautamcheza. Ushahidi huu uhifadhi vizuri wala usiutoe mbele ya watoto wake. Siku atakapokuita kukuuliza kwa nini mtu mwenye shahada anasoma vibonzo, mtajie jina la Spearman kwa sauti ya chini, kisha umwongezee chai.

Usimpe kitabu mkononi. Mtu mzima akipewa kitabu anahisi amepewa kazi, na atakuuliza kina kurasa ngapi. Kisahau mezani kwake, karibu na rimoti, siku ambayo umeme una dalili ya kukatika. Wala usimweleze kwamba sasa katuni zimekuwa fasihi. Anayesikia hivyo huanza kujiandaa kwa mtihani, na mjomba alishamaliza mitihani yake.

Sasa chaguo lenyewe, na hapa ndipo wapenzi wa katuni wanapoharibu. Wanaanza na wanachokipenda wao, na wanachokipenda wao mara nyingi ni mwanamume aliyevaa chupi juu ya suruali. Mashujaa wanaoruka waache kwanza. Hata Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka kati ya 1986 na 1987 kuwakejeli mashujaa hao hao, haimfai mgeni: huwezi kucheka kejeli ya msiba ambao hukuhudhuria.

Anza na alichonacho. Mjomba wa Kigoma, ambaye kila mazungumzo huyarudisha kwenye meli ya Liemba, mtegee Madame Livingstone. Mchoraji wake ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, akishirikiana na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, na kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014 kabla ya kutafsiriwa kwa Kiingereza. Ni Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika. Ofisa wa Kibelgiji ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anaongozwa na mwenyeji mmoja wa ajabu anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai ana damu ya David Livingstone. Hapo mjomba atakaa wima, maana Graf von Götzen ndiyo Liemba yenyewe: Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya. Atakusahihisha mambo matatu kuhusu historia ya meli hiyo, mawili kati yake akiwa amekosea. Mwache. Msomaji anayesahihisha kitabu ameshanasa.

Kitabu hicho pia ni dawa ya wale ambao wakisikia katuni na Kongo wanawaza Tintin tu. Hergé, mchoraji wa Tintin, alichapisha safari ile ya Kongo kati ya 1930 na 1931 bila kukanyaga Kongo. Baruti amezaliwa huko. Huhitaji kuongeza neno, weka vitabu viwili pamoja mezani uende zako.

Kwa shangazi ambaye saa mbili usiku haongeleshwi kwa sababu ya tamthilia, jibu ni Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie, iliyoanza kutoka mwaka 2005. Ni Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya 1970, mtaani. Aya anataka kuwa daktari, rafiki zake Adjoua na Bintou wanataka kucheza muziki, na punde Adjoua ana mimba inayosemekana ni ya Moussa, kijana wa tajiri. Mtoto anazaliwa, familia ya tajiri inakuja kumtazama, na sura ya mtoto inagoma kufanana na mtu yeyote mwenye mali. Shangazi hahitaji kuhamasishwa zaidi ya hapo. Mwishoni mwa kitabu mna mapishi, kwa hiyo hata akikutwa anakisoma ana la kujitetea.

Maus nakuomba uishughulikie kwa adabu. Art Spiegelman anamhoji baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyetoka hai Auschwitz, na amewachora Wayahudi kama panya, Wajerumani kama paka, Wapolandi kama nguruwe. Mjomba atafungua ukurasa wa kwanza na kutangaza kwamba wanyama wanaoongea ni wa chekechea. Mkumbushe Shamba la Wanyama, alilosoma kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere na kulinukuu tangu hapo kila anapogombana na viongozi wa mtaa. Akiendelea kugoma, mwambie kimepewa Pulitzer mwaka 1992. Akizidi kugoma, mwambie mwaka 2022 bodi ya shule ya wilaya moja huko Tennessee ilikiondoa kwenye masomo, na mauzo yakapaa. Tuzo humfanya mtu akiheshimu kitabu. Marufuku humfanya akisome.

Ila usimdanganye kwamba ni historia tu. Kitakachomkamata ni yule mzee Vladek wa miaka ya baadaye, huko New York, anayehesabu vidonge vyake, anayeokota nyaya barabarani kwa sababu zitafaa siku moja, na anayerudisha dukani vyakula vilivyokwisha kufunguliwa huku mwanawe akijificha kwenye gari kwa aibu. Kila ukoo unaye. Mjomba atacheka sana, kisha kurasa chache mbele ataacha kucheka, na wewe usiwepo chumbani.

Jirani anayeshinda kijiweni akichambua Mashariki ya Kati mpe Palestine ya Joe Sacco, mwandishi wa habari aliyekwenda kuwasikiliza watu kisha akawachora mmoja mmoja, bila kusahau kujichora mwenyewe akiwa mtu wa wasiwasi. Deogratias ya Jean-Philippe Stassen, kuhusu Rwanda ya 1994, ni kitabu kikubwa, lakini usikitege mezani kwa mtu. Hicho mtu hupewa akijua anapokea nini.

Litakuja suala la lugha, na hapa kejeli yangu inakauka. Vitabu nilivyovitaja vinapatikana kwa Kiingereza, baadhi vilianzia Kifaransa, na kwenye duka la vitabu utamaliza rafu zote za Kiswahili bila kuviona. Mpaka wachapishaji wetu waamke, silaha ni The Arrival ya Shaun Tan wa Australia, ya mwaka 2006, isiyo na neno hata moja. Mwanamume anaiaga familia, anavuka bahari, anafika mji ambao herufi zake mchoraji amezibuni. Yeye haelewi bango lolote, nawe huelewi. Mpe aliyewahi kushuka uwanja wa ndege wa Muscat au London na begi moja na namba ya simu ya mtu asiyepokea.

Vya Kijapani vingi hufunguliwa kulia kwenda kushoto. Wengine hubabaika, waliopita madrasa hawana tatizo. Wape Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani na akarudi kuwachora askari wa kawaida waliotumwa kufa bure.

Baada ya siku mbili mjomba atakuambia amekimaliza kwa saa moja na pesa yako imeibwa. Hapo ujue amesoma maneno tu. Watu wazima wamefundishwa kwamba picha ni pambo, kwa hiyo macho yao huruka kutoka puto la maneno moja hadi jingine kama kondakta anayekusanya nauli. Mrudishe ukurasa mmoja. Mwonyeshe nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku, ile ambayo Scott McCloud aliieleza mwaka 1993 katika Understanding Comics: huku mtu ameinua shoka, kule ni mji usiku na mlio wa kilio. Muulize nani amempiga shoka marehemu. Mchoraji hakuchora pigo. Mjomba atakaa kimya, kisha atakitazama kitabu kwa hasira ya mtu aliyeshirikishwa kwenye uhalifu bila ridhaa yake, na atakianza upya.

Kuanzia hapo kitabu si chako. Kitafungwa gazeti kama daftari la shule, kitawekwa kabatini pamoja na hati za kiwanja, na utakatazwa kukigusa kwa mikono yenye mafuta. Usidai. Maus ina sehemu mbili na Aya inaendelea kwa juzuu kadhaa. Siku atakapokupigia simu usiku kuuliza yaliyobaki yako wapi, mpe jina la duka, mtajie bei yote bila kupunguza, na umtakie usiku mwema.